Ukuta wa Mwanga: Furu wa Ziwa Victoria Walivyogawanyika

Ndugu zangu, mkisikia utengano unaozaa spishi mpya mnafikiria mlima au bahari. Tulifundishwa hivyo, na si uongo. Lakini leo twendeni Makobe, kisiwa cha mawe upande wa Mwanza. Hapo furu, samaki wadogo wa ziwa hili, wa aina mbili wanaishi kwenye mwamba mmoja. Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa buluu. Pundamilia nyererei, naam, jina la Mwalimu, dume wake ni mwekundu mgongoni. Majike? Utawakodolea macho mpaka uchoke, wanafanana. Wa buluu hukaa mita moja mbili za juu, wekundu hushuka zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Maji yale yana chembechembe, nazo humeza mwanga wa buluu kwanza. Ukishuka, unaobaki ni wa manjano na mwekundu. Ndani ya jicho kuna protini inayonasa mwanga, na jeni yake ina sura mbili: furu wengi wa juu wana ile inayoegemea buluu, wa chini inayoegemea wekundu. Anayeona vyema mahali anapoishi hupata chakula na kumkwepa adui. Huo ni uteuzi asilia, hauna uchawi. Ila jicho hilohilo ndilo jike analochagulia mume! Kule chini dume wa buluu ni kivuli tu, mwekundu ndiye anayewaka. Na jike huyu huatamia mayai kinywani, hawezi kubahatisha. Vizazi vikipita, koo mbili zinaacha kuoana.

Najua mjuaji mmoja anasubiri: "Mbona machotara wao wanazaa? Basi ni spishi moja!" Wanazaa, ndiyo, kwenye tangi. Watafiti Seehausen na van Alphen walimulika tangi kwa taa ya rangi ya chungwa, rangi za madume zikafichika, majike wakaacha kubagua. Chini ya taa nyeupe, kila jike alipendelea wa kwake. Kwa hiyo usiniulize wanaweza nini maabara. Niulize wanafanya nini ziwani.

Na ziwani kunaharibika. Panapokuwa na tope jingi, mwanga hugeuka ndani ya kina kifupi mno. Wa juu na wa chini wanakuwa majirani wa mlango kwa mlango, machotara wanajaa. Udongo wa mashamba na mbolea inayolisha mwani vinabomoa ukuta huo wa mwanga bila kuua samaki hata mmoja. Sangara mlaumuni, anastahili: aliletwa miaka ya 1950, akafurika miaka ya 1980, na takribani spishi 200 za furu zikatoweka. Lakini sangara hawezi kuunganisha spishi mbili kuwa moja. Tope linaweza.

Ziwa dogo la Nabugabo, kule Uganda, nalipita mbio: ukanda wa mchanga ulilikata kutoka Victoria miaka elfu chache tu iliyopita, na lina furu wake wasiopatikana kwingine. Huo ndio utengano wenu wa kitabuni. Na Victoria yenyewe ilikuwa imekauka takribani miaka 15,000 iliyopita. Wanaosema mageuko lazima yachukue mamilioni ya miaka, tukutane kwenye maswali, mwenyekiti ananionyesha saa.