Mpondwe Mara Mbili

Hata leo kabla sijasimama hapa mtu kaniambia tena: "Mwalimu, kundi la waasi likinyamaza miaka kumi, hilo limekwisha." Haya. Twende Mpondwe.

Novemba 1996 waasi wa ADF, kundi linalopigana na serikali ya Uganda, walitokea Kongo wakauvamia mji huo wa mpakani upande wa Uganda. Juni 1998 wakachoma mabweni ya chuo cha ufundi Kichwamba. Wanafunzi 80 wakafa. Jeshi likawafurusha milima ya Rwenzori, na miaka michache baadaye Kampala ikawa inawataja kama habari za zamani.

Kumbe wako wapi? Wamelala? Thubutu! Wako Beni, mashariki mwa Kongo. Wanalima, wanapasua mbao, wanafanya biashara, wanaoa mabinti wa palepale. Mtu akishakuwa shemeji yako, anakuletea mbao kwa bei nzuri, msiba ukitokea anachangia, utakwenda kumchongea kwa askari ambaye mshahara wake wenyewe haufiki? Hapa ndipo ninapogombana na wakubwa. Wao wanahesabu mashambulizi. Mwaka ukipita bila shambulio, wanaandika ushindi. Mimi nauliza mbao zinauzwa na nani, na fedha inaishia wapi. Wananiona mkorofi.

Julai 2013 wakauvamia mji wa Kamango, hukohuko Kongo. Makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kukimbilia Bundibugyo, Uganda. Oktoba 2014 mauaji ya Beni yakaanza. Desemba 2017 tukapokea majeneza ya vijana wetu waliokuwa walinda amani kule Semuliki, Kongo. Na Juni 2023 ni Mpondwe ileile: shule ya sekondari Lhubiriha, bweni la wavulana limetiwa moto, watu zaidi ya 40 wamekufa, wengi wao wanafunzi.

Namwona mzee pale anatikisa kichwa. Ndiyo, mzee wangu, Mukulu, kiongozi wao, alikamatwa hapahapa Tanzania 2015, na Baluku aliyemrithi akajiunga na Dola la Kiislamu. Bendera imebadilika, sikatai. Lakini vichochoro vya msituni ni vilevile, na watoto waliozaliwa kambini ndio hao wamekabidhiwa bunduki.

Nilitaka niwapeleke Iraq pia, Wamarekani waliposema 2010 kazi imekwisha, kisha 2014 mji wa Mosul ukaanguka mikononi mwa Dola la Kiislamu. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi hili tu: Operesheni Shujaa, ya majeshi ya Uganda na Kongo dhidi ya ADF, imeanza Novemba 2021. Siku watakapotangaza imefaulu, msiulize wameua waasi wangapi. Ulizeni kakao ya Beni inapitia mikononi mwa nani.