Majirani wa Kalahari

Ndugu zangu, tuelekee kaskazini-magharibi mwa Botswana, kwenye vilima vya Tsodilo. Jangwa la Kalahari limetanda kote, kisha mwamba unachomoza mchangani. Michoro iliyomo humo inapita 4,500, na mwaka 2001 UNESCO iliitambua sehemu hiyo kuwa urithi wa dunia. Wasan, mababu kwa mababu, wamewinda na kuchimba mizizi katika nchi hiyo.

Sasa panda juu ya kilima hadi Nqoma. Hapa, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, palikuwa na kijiji cha wafugaji na wakulima. Watafiti James Denbow na Edwin Wilmsen walipochimba walikuta mifupa ya ng'ombe, mapambo ya chuma na ya shaba, na shanga za kioo zilizopitia biashara ya Bahari ya Hindi. Hebu fikirini umbali huo! Shanga iliyoshushwa pwani ilipita mikono mingapi mpaka ikafika kando ya jangwa?

Karibu na hapo kuna mashimo yaliyochimbwa ndani ya mwamba. Watu walifuata spekularaiti, madini meusi yanayometameta, ambayo kusini mwa Afrika yalisagwa, yakachanganywa na mafuta na kupakwa nywele. Bidhaa ya namna hiyo inaita wageni, na wageni hawaji mikono mitupu.

Ndipo ubishi unapoanzia. Kwa miaka mingi Wasan walielezwa kama watu waliosahauliwa na wakati, mfano hai wa maisha ya kale. Wilmsen alikataa: kwa maoni yake walikuwa ndani ya uchumi huo wa ufugaji na biashara karne nyingi, chini ya wafugaji, na umaskini wao wa karne ya 20 una historia yake. Mwanaanthropolojia Richard Lee, aliyeanza kuishi mwaka 1963 na Wasan wa Dobe, karibu na mpaka wa Botswana na Namibia, alijibu kwamba vigae vichache vya vyungu na vipande vya chuma kambini si ushahidi wa kutawaliwa. Mtu anaweza kubadilishana ngozi kwa chungu, akarudi zake porini akiwa huru.

Hapo mimi nasimama na Lee kwa Dobe, na Wilmsen kwa Tsodilo. Kalahari ni pana mno. Waliokaa jirani na ng'ombe wa Nqoma hawakuishi sawa na waliokuwa mbali, ambako maji mengi ni ya msimu na mfugaji alisita kupeleka mifugo. Kinachoniudhi ni kuwaita wote mabaki ya kale. Aliyemfahamu mfugaji, akaufahamu uhunzi, kisha akaendelea kuwinda, alikuwa amechagua.