Mbwa yuko wapi? Haya, leo najibu

Inarekodi? Eeh, inarekodi. Jamani leo sijapaka kitu usoni wala sijapanga taa, nimetoka shifti nimekaa hivihivi kwenye kochi nijibu swali moja tu maana nimechoka kuliona. Kila video ninayoweka, iwe ya kazi, iwe ya vibali, iwe ya nywele, komenti ya kwanza ni "mbwa yuko wapi?" Ya pili "alikufa?" Ya tatu, na hii ndiyo inaniuma, "si tulisema hizo ni mbwembwe za ughaibuni, hela zimekata kamtupa mbwa."

Sijamtupa. Kidoti yuko hai, anakula, anachoma sindano zake kwa wakati, ila hakai kwangu tena. Nitawaeleza ilikuwaje, na kabla sijaanza, simwambii mtu achukue mbwa mgonjwa na simwambii mtu asichukue, haya ni yangu mimi na saa zangu na mshahara wangu. Na sijisifu. Najua kuna mtu hapo kashaanza kuandika "sisi watu tunakosa dawa, yeye anamtibia mbwa." Usijisumbue, kaka yangu wa damu alishaandika, kwenye grupu la familia, ndugu wote wanasoma, wiki ileile niliyokuwa nimetuma hela. Hata asante hakuna, ila mbwa kamuona.

Sasa Kidoti. Nilimkuta shelta, kule wanakowekwa mbwa wasio na wenyewe, na alikuwa amesharudishwa mara mbili. Watu wawili tofauti walimchukua wakamrudisha, sababu iliyoandikwa kwenye karatasi ya kwenye banda lake: anakojoa ndani. Basi. Mbwa hana adabu. Anakunywa maji bakuli zima, anakojoa, anakula kama hajawahi kuona chakula halafu mbavu unazihesabu. Mtu yeyote mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani angeshtuka hapohapo, lakini mbwa akikojoa ndani watu wanaona tabia, hawaoni ugonjwa. Daktari wa shelta alipompima mkojo ukawa umejaa sukari, damu nayo vilevile. Na alikuwa jike ambaye hajafungwa kizazi, wakaniambia hilo linachangia sana, kwamba baada ya joto, ule msimu wa jike kutaka dume, kuna homoni zinapanda zinafanya mwili usiisikilize insulini, ile inayoshusha sukari, kwa hiyo wakamfunga kizazi kwanza, la sivyo ungehangaika na dozi mpaka uchoke. Sukari yenyewe haikuondoka. Mbwa wengi wakishaipata ni sindano maisha yote, vidonge vile wanavyomeza watu kwao havisaidii.

Gharama ya kumchukua pale shelta ni ndogo, na kwa mgonjwa wanakupunguzia hata hiyo. Usidanganyike hapo. Hela inaanza ukishafika nyumbani.

Nitawapa mfano mmoja muone. Kichupa cha insulini aliyokuwa anatumia kilikuwa mililita 10, kila mililita uniti 40, jumla uniti 400. Kidoti dozi yake ilikuwa uniti 4 asubuhi na 4 jioni, yaani 8 kwa siku (hiyo ni yake, msiende kuiga, dozi anapanga daktari). Karatasi ya dawa inasema ukishatoboa kichupa, siku 28 zikiisha mwaga. Nane mara 28 ni 224. Kwa hiyo kila mwezi uniti 176 namwaga kwenye takataka, dawa nzima, nimeilipia, haijaharibika kwa macho, namwaga. Nilikuwa nakaa nakitazama kile kichupa kama mtu anayeagana na pesa yake. Nimeuliza kuna cha mdogo zaidi? Kipo, siku hiyo hakikuwepo, na siku iliyofuata hakikuwepo. Halafu mabomba ya sindano, halafu chakula chake ambacho hakibadilishwibadilishwi, halafu vipimo.

Bima ndiyo msinitajie. Nilijaza fomu kurasa sijui ngapi, uzito, umri, rangi, amewahi kutibiwa nini, na mimi kwa ushamba wangu wa ukweli nikaandika kila kitu. Jibu likaja la mistari miwili: ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima haulipiwi. Sukari haulipiwi, macho hayalipiwi kwa sababu yanatokana na sukari, njia ya mkojo haulipiwi kwa sababu hiyohiyo. Nikauliza sasa mnamkatia bima ya nini, akiangukiwa na tofali? Yule dada kwenye simu akanyamaza kidogo akasema ndiyo, ajali inalipiwa.

Watu mnaulizia sindano, mnadhani ndiyo kazi. Sindano ni nyembamba, unavuta ngozi ya ubavuni inakuwa kama kihema kidogo, unaingiza chini ya kihema, unasukuma, umemaliza, mwenyewe anatafuna wala hana habari. Kesho unabadilisha sehemu. Kinachotisha ni makosa. Mabomba ya insulini hayafanani, kuna ya U-40 na ya U-100, yaani uniti 40 au 100 kwa kila mililita, na dawa nazo hivyohivyo, ukichukua bomba la U-40 ukavutia dawa ya U-100 unaona umevuta 4 kumbe umevuta 10. Unaweza kuua. Mimi niliandika U-40 kwa maki peni nyekundu kwenye boksi, kwenye friji, na kwenye mlango wa friji, mgeni akija anadhani ni namba ya mechi.

Na kuna jioni moja, hii sijawahi kuisema hapa. Nimerudi nimechoka, Kidoti kala, nikamshika nikachoma, nikasukuma, halafu nikasikia vidole vimelowa. Manyoya yamelowa, yana ile harufu ya dawa, kali kidogo kama ya plasta ya kidonda. Sindano imeingia upande huu wa ngozi ikatokea upande wa pili, dawa yote iko kwenye manyoya. Au nusu. Au matone mawili tu. Sijui. Mkono wangu ukawa unaenda kwenye kichupa kuvuta nyingine, nikakumbuka walichoniambia siku ya kwanza: kama hujui imeingia kiasi gani, usirudie, subiri ya asubuhi. Sukari kuwa juu usiku mmoja haimuui, ila sukari ikishuka ghafla anaanza kuyumba, anatetemeka, anaanguka degedege, na hapo una dakika. Asali ilikuwa mezani muda wote, hiyo ni ya kumpaka kwenye ufizi akianza kuyumba ukiwa njiani kwenda kwa daktari. Nilikaa sakafuni naye mpaka alfajiri, nimevaa yunifomu yangu ya kazini, hakuyumba, alikunywa tu maji na kutaka kutoka nje mara nne.

Haya, turudi. Tatizo langu lilikuwa saa. Ile insulini ni kila baada ya saa 12, chakula kwanza ndiyo sindano, na akikataa kula humchomi dozi kama kawaida, unampigia daktari. Nilipomchukua nilikuwa na shifti ya mchana, moja asubuhi nachoma, moja jioni nachoma, safi kabisa. Miezi minane baadaye kazini wakanibadilishia, usiku wiki hii, mchana wiki ijayo, na shifti yenyewe ni saa 12 bado usafiri. Mtu hakuniuliza. Nilienda kwa msimamizi nikamweleza nina mgonjwa nyumbani, akauliza ni mtoto? Nikasema mbwa. Alicheka, hakucheka vibaya, ila alicheka, na ratiba ikabaki palepale. Mwenzangu tunayekaa naye alinisaidia wiki mbili halafu akasema ukweli wake kwamba anaogopa sindano na hakusaini mkataba wa kumlea mbwa. Simlaumu. Nilimnunia siku tatu lakini simlaumu.

Na hapo ndipo macho yakaanza. Mbwa wengi wenye sukari hupata mtoto wa jicho, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza hivi, hata ukijitahidi na dozi. Kidoti jicho la kushoto likawa na ukungu, kama glasi iliyopumuliwa, na kwa wiki chache tu na la kulia. Operesheni ipo. Niliuliza bei nikarudisha simu mezani taratibu. Akawa anatembea kwa kugusa ukuta na bega, anahesabu hatua mpaka kwenye bakuli, na mimi siku nikisahau kiti katikati ya njia nasikia kishindo. Jamani kile kishindo.

Sasa nyie mnaosema kumtoa ni kumtupa, niambieni, mbwa kipofu, wa sukari, anangoja mtu anayerudi saa anazopangiwa na mtu mwingine, ndiyo mapenzi hayo? Nilikataa miezi miwili kwa sababu ya aibu tu. Niliogopa hizi komenti zenu, nasema kweli.

Makaratasi sasa. Ule mkataba wa shelta una kifungu watu hawakisomi: ukishindwa, huruhusiwi kumpa mtu, humuuzi, humpi jirani, unamrudisha shelta au shelta inakubali mtu uliyempata. Mimi nilikuwa nimeshampata mtu. Mama mmoja mstaafu, nilimjua pale tunapongojea kwa daktari, yeye alikuwa na paka. Marehemu mumewe alikuwa na sukari, amemchoma sindano miaka na miaka, kashika bomba mkononi kama mimi ninavyoshika simu. Anashinda nyumbani. Nyumba ni ya chini haina ngazi. Nikasema hapa Mungu kajibu. Shelta wakasema vizuri sana, ajaze fomu. Fomu zilezile! Barua ya mwenye nyumba, mama nyumba ni yake, wanataka hati. Ukaguzi wa nyumba, mkaguzi yuko likizo. Barua ya daktari kwamba dozi imetulia, daktari hawezi kuandika mpaka apate mchoro wa sukari inavyopanda na kushuka, ambao ni kupima damu kila saa mbili kwa saa 12, kitone kidogo unakitoa sikioni. Nilipima nyumbani mwenyewe siku yangu pekee ya ofu, naandika kwenye bahasha ya bili, saa moja, saa tatu, saa tano, mpaka sikio la Kidoti na mimi wote hatutaki kuonana.

Halafu chipu. Hii chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, iko chini ya ngozi ya shingo, haina betri wala haimtafuti mbwa popote, kuna watu wanadhani ni jipiesi, siyo. Ni namba tu, tarakimu 15, inasomwa na skana. Namba haina maana kama kwenye rejista jina ni la mtu mwingine, na la Kidoti lilikuwa bado la mtu wa kwanza kabisa, yule wa kabla ya shelta, simu haipatikani, imeili inarudi. Miezi yote hiyo nimekaa na mbwa ambaye kwa karatasi siyo wangu na sikujua, maana pale shelta kila mtu alidhani mwenzake ameshabadilisha. Angepotea wangempigia mtu asiyekuwepo. Nikaanza kupeleka risiti, mkataba, kitambulisho changu, wakauliza kibali changu cha kuishi, nikasema ngoja kwanza, mbwa ana karatasi nyingi kuliko mimi na mimi bado ndiye natakiwa kuthibitisha. Wiki tano. Kama una mbwa mwenye chipu fungua hiyo rejista leo uone jina la nani, hilo nalisema bila kujali uko wapi.

Kuhusu kaka, sikutaka kurudi huko ila narudi. Shangazi yetu anachoma insulini, na kaka ndiye anayemnunulia, namheshimu kwa hilo. Lakini ilijulikanaje kwamba kongosho ndiyo yenye kazi ya sukari? Mwaka 1889 watafiti wawili, Minkowski na von Mering, walimtoa mbwa kongosho akapata kisukari mbele ya macho yao. Na insulini yenyewe, Toronto kule Kanada, 1921, watafiti wengine, Banting na Best, walikuwa wanajaribu kwa mbwa, na mbwa wengi walikufa pale. Niliandika hivyo kwenye grupu. Alijibu na emoji ya dole gumba. Moja.

Siku ya kumpeleka nilibeba blanketi lake bila kufua, walinishauri hivyo, kipofu anasoma kwa pua. Mama alishapanga, zulia jembamba kutoka mlangoni mpaka kwenye bakuli afuate kwa miguu, na viti havihamishwi tena. Kidoti aligonga meza mara moja. Akarudi nyuma, akanusa mguu wa meza muda mrefu, akazunguka. Hakuigonga tena siku hiyo. Saa moja jioni mama akampa chakula, akavuta dawa, akaniinulia bomba nilione kwenye mwanga, mstari wa nne, mimi nikaitikia kwa kichwa. Nililia kwenye basi, siyo kwa uchungu peke yake, kuna unafuu pia ndani yake na huo unafuu ndio ulionipa aibu zaidi. Siku ile nililala saa 11 mfululizo.

Mama amekubali niweke picha moja, nitaiweka mwishoni, yeye haonekani uso kwa hiyo msimtafute. Na yule ndugu anayeniandikia inbox kila siku kama nauza mabomba yaliyobaki, siuzi, nimeyapeleka shelta. Na ni ya U-40.