Jinsi ya kumpandisha mgeni kwenye skeitibodi bila kumwangusha

Haya, inarekodi? Sawa. Asalaam aleikum, habari zenu, karibuni Raskazone, Tanga. Mkisikia mvumo kwenye sauti ni kusi huyo. Mpwa wangu anayeshika simu nimemwambia akae upande wa ukuta, kagoma.

Wanaosubiri somo la kuruka, leo hapana. Leo nasema na nyinyi mnaojua tayari: mtu asiyejua akija uwanjani, unampokeaje? Maana tuna tabia yetu moja. Mtoto anafika, anasimama pembeni anatuangalia, na sisi ndiyo kwanza tunazidisha mbwembwe. Anachoka, anaenda zake. Halafu tunakaa barazani tunalalamika kwamba hatuongezeki.

Mgeni wetu ni bibie huyu, yuko darasa la nne. Mama yake yule kivulini. Shikamoo mama! Kasema marahaba, twende kazi.

Viatu vya kufunika, siyo kandambili. Helmeti ya baiskeli inatosha. Ya bodaboda itamvunja shingo kwa uzito. Ushungi unabanwa ndani, ncha zisining'inie. Tumemaliza hapo.

Sasa bodi. Usimpe mgeni ile mbovu uliyoitupa uvunguni. Watu wanafanya hivyo, eti "aanzie hii kwanza", halafu bodi haiendi, mtoto anadhani kosa ni lake. Zungusha tairi kwa kidole. Mpwa, sogea, waisikie... krrrr. Hiyo ni chumvi. Sisi watu wa pwani beringi zetu zinaliwa na hewa tu, hata usipocheza. Kila tairi lina beringi mbili, jumla nane, na saizi ni 608: tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Mtajieni fundi hiyo 608, msimwambie "ya skeiti", atawatolea macho. Mimi pia ninazo, na bodi za mtumba ninazo, bei tunaongea.

Spana namba 13, fungua nati, vua tairi, beringi ichokonoe itoke. Osha kwa petroli, mbali na jiko na mbali na mvuta sigara, anika ikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Moja! Mafuta ya kula acheni yakaangie mihogo.

Kurudisha nati: kaza mpaka iguse, halafu irudishe nyuma kama robo ya mzunguko. Tairi licheze kidogo likisukumwa kushoto na... ah, nati imedondoka. Usizime, usizime. Imeingia mchangani hapa. Nyanyua mguu, mpwa. Mwingine. Hii hapa, umeikanyaga muda wote. Ifuteni mchanga kabla ya kuirudisha, mchanga unakula meno ya nati.

Tunaanzia kwenye majani, siyo kwenye zege. Kwenye majani matairi hayaendi, mtoto anapanda na kushuka mpaka mwili uzoee. Miguu yote miwili ikae juu ya zile skrubu zinazoshika vyuma vya matairi, magoti yalegee. Mguu upi uwe mbele? Msimpangie. Mwambie apande ngazi, angalia anatanguliza upi. Ukikosea, mbadilishe, hakuna aliyekufa.

Sasa njooni kwenye zege, na hapa naomba masikio yenu yote. Simama mbele yake, mtazamane. Viganja vyako viangalie juu. Yeye ndiye anayeweka mikono, wewe hushiki. Wewe ni ukuta wa ngazi, kazi yako kuwepo tu. Kisha rudi kinyumenyume polepole, yeye akufuate kwa uzito wake. Usimvute. Narudia, usimvute mkono.

Bibie, uko tayari? Magoti. Ndiyo. Anakuja, anakuja... ewaa! Mmeona? Sijamshika, kanishika yeye. Tena. Safi kabisa, mtoto wa Tanga huyu.

Kaka mtu anataka kujaribu kumsaidia. Njoo baba. Umesikia nilichosema? Viganja juu, usimv... subhanallah! Pole, pole mwanangu. Umeumia? Anacheka, haya. Mama, mzima!

Mpwa, rudisha hiyo sehemu, uwaoneshe polepole. Tazameni miguu, msitazame sura. Kaka kavuta. Mtoto anapovutwa anaogopa, anaegemea nyuma, magoti yananyooka kama fito, uzito unahamia kwenye visigino. Bodi haina mtu wa kuizuia, inachomoka mbele, na yeye anakaa chini. Kosa siyo la mtoto. Nani kavuta? Basi. Usimvute, hata akisema "nivute". Hasa akisema "nivute".

Apumzike anywe dafu. Mtazamaji mmoja aliniuliza kuhusu skibodi, mchezo wa nchi za theluji. Zile ni mbao mbili fupi, moja kila mguu, kwa kawaida hazifiki mita, zimekunjwa mbele na nyuma, na mchezaji hashiki vijiti mkononi. Ulikuwamo kwenye Winter X Games, mashindano ya michezo ya theluji yanayooneshwa kwenye televisheni, kuanzia 1998 hadi 2000, kisha ukaondolewa. Ulipotoka kwenye televisheni haukufa; wapenzi wake wapo hadi leo. Sasa na sisi hapa, nani anatuonesha kwenye televisheni? Mgeni wetu anatoka kwenye lile kundi linalosimama pembeni kutuangalia, hatoki kwingine. Kwa hiyo ukimwona, simamisha bodi yako, salimia, muulize jina.

Mwisho kusukuma. Mguu wa mbele juu ya skrubu, vidole vielekee bodi inakokwenda, mguu wa nyuma unapiga chini mara moja, unapanda. Mara moja tu, asikimbie. Wewe tembea ubavuni, kiganja karibu na kiwiko chake bila kugusa. Bibie, piga. Panda! Ewaa! Kaka, toa mkono. Nimesema toa mkono, anakwenda mwenyewe.

Bodi hii anaondoka nayo, ataileta Jumamosi. Na wewe mwenye ile ya uvunguni, ilete nikuoshee beringi. Mpwa, zima, simu inaisha chaji.