Mwimbisheni Wimbo Wake: Tiba ya Muziki Baada ya Kiharusi

Mhadhara uliotolewa kwa familia zinazouguza wagonjwa wa kiharusi, Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, vijana mliowasindikiza wazazi, hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja. Wengi wenu mna mgonjwa nyumbani, kwa hiyo niende moja kwa moja.

Kumwekea mgonjwa redio kando ya kitanda tangu asubuhi hadi jioni si tiba ya muziki. Huenda ikamburudisha, huenda ikamchosha, hasa kama stesheni mmemchagulia nyinyi. Tiba ya muziki ina mtaalamu aliyesomea, ina mgonjwa ambaye shida yake inajulikana, na ina lengo linalopimika: mama huyu aweze kuomba maji akiwa na kiu, baba yule atoke kitandani hadi mlangoni bila kuburura mguu. Ni kazi ya watu wawili, na mtaalamu huandika wiki baada ya wiki kilichobadilika na kisichobadilika.

Kutibu kwa ngoma si jambo geni kwetu. Kule Pwani, wanaopunga pepo husema kila pepo ana ngoma yake, na ukimpigia isiyo yake hapandi. Hospitalini hatufuati imani hiyo, lakini hilo la kila mmoja na ngoma yake lishikeni, tutalihitaji. Kama taaluma ya hospitali, tiba hii ilipata nguvu Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanamuziki walipokwenda kuwapigia askari majeruhi. Ilionekana kwamba moyo wa kupiga muziki hautoshi, lazima mtu afundishwe. Chuo cha Michigan State kikaanzisha masomo hayo mwaka 1944, na mwaka 1950 wataalamu wa Marekani wakaunda chama chao cha taifa.

Sasa kiharusi. Kwa watu wengi, lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo. Sehemu ya mbele ya upande huo ikiumia, mtu anaelewa unachomwambia, anajua anachotaka kusema, na maneno hayatoki. Hiyo ni aina mojawapo ya afasia, yaani shida ya lugha inayoletwa na ubongo kuumia. Nawasihi sana: mtu huyu hajarudi utotoni. Msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Anasikia, na inamuuma.

Mtu huyo huyo asiyeweza kutaja jina la mkewe anaweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, maneno yote yakiwa mahali pake. Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1745, kwa hiyo mkiyaona nyumbani msishtuke. Mfurahi, ndiyo, lakini mjue kwamba wimbo wa kukariri peke yake haumfundishi mtu kuomba maji. Maneno yake hutoka yameshikana, na mgonjwa hawezi kuchomoa moja akalitumia kuongea nanyi. Hapo ndipo mtaalamu anapoingia. Mwaka 1973, Albert, Sparks na Helm, waliokuwa wakifanya kazi Boston, walieleza njia ya kumtoa mgonjwa kwenye kuimba hadi kwenye kusema. Tuijaribu.

Wekeni mkono wa kushoto pajani, wote. Ni wa kushoto kwa sababu huo huendeshwa na upande wa kulia wa ubongo, ambao haukuumia. Na mkono wa kulia mara nyingi ndio uliolegea. Tunasema “Nataka maji” kwa sauti mbili tu, ya chini na ya juu. Kiswahili kinatusaidia, maana mkazo wetu unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ipande hapo: na-TA-ka MA-ji. Kila silabi, gonga mara moja. Tena, polepole. Mzee pale mbele, vizuri sana.

Mtaalamu huanza kwa kuvumisha lahani bila maneno. Kisha wanaimba pamoja. Kisha yeye ananyamaza katikati, mgonjwa anamalizia. Mwishowe anauliza, “Unataka nini?” na mgonjwa anajibu kwa kuimba. Lahani hupunguzwa kidogo kidogo mpaka ibaki sauti ya kawaida ya maongezi. Hii hutaka mazoezi ya karibu kila siku, kwa wiki nyingi, na humfaa zaidi anayeelewa vizuri anachoambiwa. Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani Januari 2011, alipitia tiba ya muziki pamoja na tiba ya usemi, na leo anahutubia watu.

Kwa miguu, kinachofanya kazi ni pigo. Mwili ukishazoea pigo hulitabiri linalofuata, na mguu hujipanga kulifikia kwa wakati. Michael Thaut na wenzake walilipima hili katika miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa kiharusi na wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Kwanza hesabu hatua za mgonjwa kwa dakika. Kama ni 60, metronomu ya simu, yaani programu inayogonga pigo kwa kasi uliyoichagua, iwekwe 60, ndipo ipandishwe taratibu hadi 63 au 66. Benga tunaipenda, lakini kwa mguu unaojifunza upya kasi yake ni kubwa mno. Na msifanye hivi bila mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu kuanguka kunaweza kuvunja nyonga.

Kusikiliza nako kuna nafasi yake. Huko Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza kila siku muziki waliouchagua wenyewe, kwa miezi miwili, walipata nafuu zaidi ya kumbukumbu ya maneno na umakini kuliko waliosikilizishwa vitabu, na walisononeka kidogo kuliko wale ambao hawakusikilizishwa kitu.

Waliouchagua wenyewe! Jiji letu lina watu wa kila kabila. Mama amelelewa Siaya, anauguzwa Kayole na wajukuu wanaoongea Sheng, na spika inapiga gengetone. Muulizeni alikuwa akiimba nini alipokuwa msichana. Kama hawezi kusema, pigieni simu ndugu zake kijijini wawatajie nyimbo, kisha mtazame uso wake mnapomwimbia. Akikunja uso au akilia kwa uchungu, acheni. Huenda wimbo huo uliimbwa kwenye mazishi ya mtoto wake.

Wala muziki hauwezi kila kitu. Utafiti mkubwa wa watoto 364 wenye usonji (autism), katika nchi tisa, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona dalili zao zikipungua kwa tiba hii kuliko kwa huduma ya kawaida. Dawa za presha alizoandikiwa mgonjwa wenu zimezwe kila siku, hata siku anayoimba vizuri.

Mama pale nyuma ameuliza kama mwanakwaya anaweza kuifanya kazi hii. Mama, anaweza kumwimbisha mgonjwa kwa raha, na huo ni msaada mkubwa. Mazoezi ya usemi ayapange mtaalamu wa tiba ya usemi, kisha mwanakwaya ayarudie nyumbani kama alivyoelekezwa. Mliokuja na wagonjwa wenu songeni viti mbele. Kila mmoja anitajie sentensi moja ambayo mgonjwa wake anaihitaji zaidi kwa siku, tuitafutie lahani.