Jiografia Chuo cha Jamii: Inakufikisha Wapi?

DADA: Kaka, nimeulizwa swali hili mara tatu: mtu anaanza chuo cha jamii hapa Marekani, kile cha miaka 2, anapenda jiografia, na nyumbani wanamwambia ataishia kukariri miji mikuu. Je, somo hilo litamfikisha wapi?

KAKA: Hilo linaniuma, dada. Nenda darasa la jiografia ya maumbile, lile lenye maabara, uone kama kuna anayeuliza mji mkuu. Utasoma mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa kwenye ramani. Utaulizwa kwa nini magharibi mwa milima ya Sierra Nevada, California, kuna misitu mikubwa, na ukivuka tu kilele unalikuta jimbo la Nevada, kame.

DADA: Hewa ya Pasifiki ikipanda mlima inapoa, inamwaga mvua. Ikishuka ng'ambo imeshakauka.

KAKA: Umeona? Wewe mwenyewe hujasahau. Ila kinachowapa wengi kazi ni GIS, yaani mfumo wa kompyuta wa kutengeneza na kuchambua ramani. Unachukua ramani ya mto, unatandika juu yake tabaka la mwinuko wa ardhi, kisha nyumba, kisha barabara. Unauliza: maji yakipanda mita 2 yatamfikia nani, na atolewe kwa njia ipi?

DADA: Na anayeuliza hivyo ofisini ni kaunti, manispaa, zimamoto, kampuni za maji na umeme.

KAKA: Vyuo vingi vya jamii vina cheti cha GIS peke yake. Fundi wa ramani anaweza kuanzia hapo. Kwa asiye na pesa, programu ya GIS iitwayo QGIS ni ya bure. Picha za Landsat, mradi wa Marekani wa satelaiti zinazopiga picha za dunia, nazo ni za bure tangu 2008, na satelaiti ya kwanza ya mradi huo ilirushwa 1972. Mwanafunzi anakaa mezani kwake anaangalia ziwa la Great Salt Lake, Utah, lilivyorudi nyuma tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mimi jambo hilo hunisisimua hadi leo.

DADA: Lakini tuwe wakweli, kaka. Kazi yenye cheo cha mwanajiografia kwa kawaida inadai shahada ya miaka 4.

KAKA: Kweli, kwa hiyo wengi wanahamia chuo kikuu. California ilipitisha sheria mwaka 2010: ukimaliza shahada ya uhamisho ya miaka 2, krediti 60, na alama zinatosha, una nafasi katika mfumo wa California State University.

DADA: Nafasi katika mfumo, jamani, si lazima kampasi unayoitamani. Watu huumia hapo.

KAKA: Mimi niliumia kwingine. Nilisoma hali ya hewa muhula mzima, nikahama, chuo kipya kikalihesabu somo lile kama la kujazia krediti tu, si la lazima kwa shahada yangu. Ikabidi nisome jingine kama hilo.

DADA: Ungefanya nini kuliepuka?

KAKA: Ningemwona mshauri wa chuo ninakoelekea kabla ya kujiandikisha, siyo wa chuo nilichopo tu. Na ningetunza silabasi. Ile karatasi inayoonyesha mada za kila wiki ndiyo unayoibeba kwenda kujitetea ili somo lako likubaliwe.

DADA: Takwimu je? Wengi wanaikwepa.

KAKA: Waisome mapema. Ramani ya watu na vipato bila takwimu ni rangi tu. Na mradi wa mwisho wa GIS wasiutupe. Mwajiri atataka kuona ramani uliyoitengeneza kwa mkono wako.