Zima Waifai Kwanza, Ndo Tuanze Git

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Kabla sijasema chochote naomba kila mwenye laptopu azime waifai, na data ya simu pia kama umeunganisha. Sitanii. Najua kuna waliokuja wakijua leo tunafungua akaunti GitHub, ile tovuti ya kuwekea kazi za Git, akaunti utafungua mwenyewe, haina shida, ila ukianzia huko utakaa miaka miwili bado unaamini Git ni mahali pa kupandishia faili, kumbe ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili zako, hapohapo kwenye kompyuta yako. Mimi nilianzia hukohuko. Nilikuwa naandika amri tatu kwa kukariri tu, add, commit, push, zote kwa mpigo, na siku moja intaneti ikakatika basi nikafanya kazi mchana kutwa bila kukomiti, yaani kuhifadhi picha ya kazi kwenye historia, hata mara moja eti nangoja mtandao urudi. Kukomiti hakuhitaji mtandao! Sijui hakuna aliyeniambia au niliambiwa sikusikia.

Kwenye mifumo ya zamani ya kazi hii, CVS, Subversion na wenzake, historia inakaa kwenye seva moja, kompyuta ya pamoja, wewe kwako una faili za toleo ulilochukua basi, ukitaka kuweka mabadiliko lazima uongee na seva. Kwenye Git kila mwenye nakala ana historia yote, tangu komiti ya kwanza. Ilianza Aprili 2005. Watu wanaotengeneza Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, walikuwa wanatumia BitKeeper tangu 2002, mfumo mwingine wa kutunza historia, mali ya kampuni ila wao waliruhusiwa bure, ruhusa ikaondolewa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akakaa akaandika ya kwake, ndo Git, na ndani ya siku chache ikawa inatunza msimbo wake yenyewe. Mercurial, mfumo mwingine kama Git, nayo ilizaliwa mwezi uleule kwa sababu ileile, watu wanaisahau masikini. Julai 2005 Torvalds akamkabidhi Git Junio Hamano, na huyo ndo anaitunza mpaka leo. Historia imeisha.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, jitambulishe kwanza: git config --global user.name halafu jina lako, na user.email halafu barua pepe. Hiyo barua pepe inaandikwa ndani ya kila komiti na itasafiri nayo popote, kwa hiyo weka ambayo hujali watu wakiiona. Sasa tengeneza folda, iite kazi, ingia ndani, andika git init. Basi. Ukiandika ls -a utaona kuna folda imejificha inaitwa .git, na ndo hiyo, hakuna kingine popote. Ukiifuta, faili zako zinabaki ila historia imekwenda.

Andika faili mbili tatu, chochote. Git haichukui mpaka uiambie, ndo kazi ya git add, unamchagulia nini kinaingia kwenye picha. Wengi wanaiona usumbufu, mi naona ndo sehemu tamu, maana umebadilisha faili tatu lakini mbili ni za kazi moja na ya tatu ulikuwa unajaribu tu mambo yako, unaweka mbili unaiacha ya tatu. Ila angalieni hapa: ukishafanya add halafu ukaigusa tena faili, komiti itabeba vile ilivyokuwa wakati wa add, sio vile ilivyo sasa. Andika git status kila unapohisi umepotea, hata mara hamsini kwa siku, hakuna anayehesabu.

Halafu git commit -m na ujumbe. Ujumbe useme umefanya nini na kwa nini, usiandike "mabadiliko", tunajua ni mabadiliko.

Sasa andika git log. Mnaona lile jina refu la ajabu, herufi na namba 40? Hapa naomba tutulie kidogo. Subversion inahesabu, badiliko la 1, la 2, la 3, inaweza kwa sababu kuna seva moja inayogawa namba. Sisi hatuna seva, na waifai tumezima, sasa mimi na wewe tukikomiti saa hiihii nani atakuwa namba 5? Ndo maana Git haigawi namba, inapiga hesabu, inachukua yaliyomo kwenye faili, jina lako, saa, ujumbe, na jina la komiti iliyotangulia, inasaga vyote pamoja inatoa hizo herufi 40. Badilisha nukta moja kwenye komiti ya zamani na jina lake linabadilika, na majina ya zote zilizoifuata yanabadilika pia kwa sababu kila moja imembeba mzazi wake. Kwa hiyo nakala mbili zikiwa na jina lilelile mwishoni, ujue historia yote nyuma yake ni moja, bila kumuuliza mtu. Kulitaja, herufi saba za mwanzo kwa kawaida zinatosha.

Git huitwa mfumo wa "kusambazwa", yaani kila nakala ina historia yote, tuone sasa hilo kwa macho. Toka nje ya folda, andika git clone kazi kazi2, yaani nakili kazi yote na historia yake iwe kazi2. Hamjawasha waifai na bado mmekloni! Ingia kazi2, andika git log, historia yote ipo, majina yaleyale. Badilisha kitu humo, komiti. Rudi kazi, andika git pull ../kazi2, na badiliko limekuja. Hakuna mkubwa hapo, hakuna seva, ni folda mbili zinapeana habari. GitHub ni folda ya tatu tu, ila iko kwenye kompyuta ya watu wengine na ina kurasa nzuri.

Kuna mtu huku mbele ameshajaribu kinyume chake, kusukuma kutoka kazi2 kwenda kazi kwa git push, na amekataliwa, asante kwa kunitangulia. Imekataa kwa sababu kule kazi kuna tawi (jina linaloelekeza kwenye komiti, nitaligusa sasa hivi) limefunguliwa na faili zake ziko mezani, ukisukuma historia inasonga mbele halafu zile faili zinabaki za zamani, mwenyewe akirudi hajui nini kimempata. Ndo maana ripo, yaani hifadhi za Git, za kwenye seva hutengenezwa na git init --bare, ni yale yaliyomo kwenye .git peke yake, hakuna faili za kazi, hakuna anayekaa pale.

Matawi sitayasema leo, yanataka siku yake. Jua tu kwamba tawi ni jina linaloelekeza kwenye komiti moja, ni jepesi, usiogope kutengeneza.

Maswali? Naam, dada mwenye miwani. Anauliza amekomiti faili yenye nenosiri, akaifuta, akakomiti tena, je imeondoka? Haijaondoka. Komiti ya kwanza bado iko kwenye historia na nenosiri limo. Kama hujaipeleka popote na hakuna aliyekloni una bahati, komiti zile mbili zinaweza kuandikwa upya kabla hujapush, baadaye nitakuonyesha hapa kwenye meza. Lakini ikishatoka usihangaike kusafisha kwanza, kila aliyevuta anayo nzima kwake na huna njia ya kumfutia. Badilisha nenosiri lenyewe, leo leo. Umeshapush au bado?

Umeshapush. Haya, wewe washa waifai.